Usizike Vanila Mbichi Kwenye Sukari

Kila msimu wa mavuno Uganda ukifika, swali ni lilelile. Mtu ana shemeji Bundibugyo, au rafiki yake amepita Kasese, au dereva wa basi la Kampala amemshushia mfuko pale Nyabugogo, Kigali: maganda ya vanila ya kijani, marefu, yanang'aa. Ananiuliza: "Mwalimu, nitie mangapi kwa kilo ya sukari?" Juzi nimeulizwa tena na mama mmoja mwoka keki wa Nyamirambo. Yeye alitaka na chumvi ya vanila pia, ya kunyunyizia karameli. Jibu langu halijabadilika: usitie hata moja.

Najua linapotoka swali hili. Watu wameaminishwa kwamba kibichi ndicho cha asili, na kilichokaushwa kimepungua nguvu au kimetiwa dawa. Kwa giligilani na mnanaa, imani hiyo ina mashiko. Kwa vanila haina hata kidogo. Chukua ganda la kijani ulivunje katikati, kisha ulinuse. Utapata harufu ya maharage mabichi, na utomvu utakaokunata vidoleni. Utomvu huo una fuwele ndogo kali za kalisi oksalati, ndiyo maana wanaoshika marando ya vanila kutwa nzima huwashwa mikono. Harufu ya vanila unayoifahamu haimo. Haijajificha ndani ikisubiri sukari iivute. Bado haijatengenezwa.

Ganda bichi lina glukovanilini, yaani vanilini iliyofungamana na glukosi. Ikiwa katika hali hiyo haina harufu yoyote. Ili vanilini iachiliwe, lazima kimeng'enya kilichomo ndani ya ganda hilohilo kikate kifungo hicho. Tabu ni kwamba ganda likiwa hai, kimeng'enya na glukovanilini haviko pamoja. Kuta za seli zimevitenganisha. Kwa hiyo kwanza ganda liuawe ili kuta zivunjike, kisha litunzwe katika joto na unyevu ili kimeng'enya kifanye kazi, halafu ndipo likaushwe taratibu. Sisi Rwanda ni watu wa kahawa, tunalielewa hili bila kusoma kemia: buni mbichi hainuki kahawa mpaka ikaangwe, na hakuna anayesaga buni mbichi akamtilia mgeni kikombeni. Mbona kwenye vanila tunasahau?

Sasa tuangalie kinachotokea ndani ya chupa. Takriban asilimia 80 ya ganda bichi ni maji, na sukari huvuta maji. Mama wa Nyamirambo aliniletea chupa yake, na nilipoifungua, sukari ya juu ilikuwa kavu na nyeupe kama ilivyonunuliwa. Theluthi ya chini ilikuwa imeganda bonge moja, na chini kabisa kulikuwa na shira ya rangi ya majani makavu. Maganda yalikuwa yamesinyaa, mawili yameota ukungu wa kijivu kwenye kikonyo, na kifuniko kilitoa mlio kilipofunguka, kwa sababu shira ilikuwa imeanza kuchacha. Nilinusa pombe changa. Vanila sikuinusa. Chumvi ingemletea mkasa mwingine: isingechacha, lakini ingevuta maji hadi iwe maji ya chumvi, na maganda yangebaki humo yakiwa achari. Ukungu usingeota, lakini vanila pia usingeipata.

Nikieleza hivyo huambiwa: "Basi nitayaanika kwenye bati siku tatu." Hilo ni kosa la pili, na linasikitisha zaidi kwa sababu mtu ametoka jasho bure. Kimeng'enya kinahitaji maji ili kifanye kazi. Ukilikausha ganda haraka juu ya bati la moto, unayaondoa maji kabla kazi haijaanza. Utapata vijiti vyeusi vinavyokatika ovyo na kunuka nyasi kavu. Ni vyeusi kama vanila, na ndiyo maana vinauzika, ila humo ndani kazi haikufanyika.

Wengine huyachemsha. Maji ya Kigali, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hata hizo 95 zinatosha kukiharibu kimeng'enya chenyewe. Umebomoa kuta, sawa, lakini na fundi umemuua. Wakaushaji wanaofuata njia ya Bourbon huyatumbukiza maganda kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65, kwa dakika mbili au tatu tu, kisha huyaopoa. Hapo kipimajoto hakina mbadala, na kidole si kipimajoto. Baada ya hapo maganda hufungwa ndani ya mablanketi yangali moto, yakawekwa sandukuni yatoe jasho siku moja au mbili hadi yageuke rangi ya kahawia. Kisha huwekwa juani saa chache kila siku na kufungwa tena usiku, kwa wiki kadhaa. Kisha hukaushwa kivulini polepole. Kisha hulazwa ndani ya masanduku miezi mingine kadhaa yakomae harufu. Wameksiko wao huanza kwa jua au tanuri badala ya maji, lakini hatua ya kwanza ni ileile: ganda liuawe. Kutoka kijani hadi tayari, hesabu miezi mitatu hadi sita, na kilo tano hadi saba mbichi zitakupa kilo moja. Hakuna dawa inayotiwa. Kinachotumika ni joto, blanketi na subira.

Na hapo tumechukulia kwamba ganda lilivunwa limekomaa. Vanila hukaa shambani miezi tisa hivi tangu ua lichavushwe kwa mkono. Ikivunwa mapema inakuwa na glukovanilini kidogo, na ukaushaji hauwezi kuumba kisichokuwamo. Mnamo 2018 bei ya vanila iliyokaushwa ilipofika takriban dola 600 kwa kilo, wezi hawakungoja miezi tisa, na wakulima wenye hofu ya wezi nao hawakungoja. Kwa sababu hiyo wizara ya kilimo ya Uganda imekuwa ikitangaza tarehe ya kuanza kuvuna, na kwa sababu hiyo wakulima wa Madagaska huchoma maganda yangali shambani kwa sindano, wakiandika alama zao juu ya ngozi ya kijani. Alama hizo hubaki hata ganda likikauka. Sasa jiulize, mfuko ule uliopita mpakani kwa bei ya kutupwa ulivunwa lini, na kwenye shamba la nani? Anayeuza mbichi rejareja kwa mtu asiye mkaushaji mara nyingi ana haraka yake, na wewe ndiye unayeigharimia haraka hiyo.

Vanila ya chupa nayo? Ile ya bei nafuu ya dukani ni vanilini ya kiwandani ndani ya kimiminika. Si sumu: Wajerumani Tiemann na Haarmann waliitengeneza tangu 1874, na molekuli yake ni ileile. Lakini ni ya majimaji, kwa hiyo sukari itashikana na chumvi italowa. Iache kwenye mkate na keki. Ukitaka njia rahisi ya kufanya sukari inukie, nunua vanilini ya unga, changanya chembe ndogo sana na sukari, na ukiwauzia watu usiwaambie ni vanila ya ganda. Na usihadaike na vidoa vyeusi ndani ya sukari ya vanila ya dukani. Vinaweza kuwa maganda yaliyokwisha kukamuliwa ladha kiwandani, yakasagwa.

Haya, tupite kwenye kazi yenyewe, haina ugumu.

Kununua: taka maganda yaliyokaushwa, ya Uganda, Bukoba, Beni au Madagaska. Yawe na rangi ya kahawia iliyokolea, yazunguke kidole bila kukatika, yanuke kabla hujayafikisha puani. Ukiona weupe juu yake, sogea kwenye mwanga. Fuwele za vanilini ni vijisindano vinavyometa, na ni dalili njema. Kama weupe umefifia na una manyoya, huo ni ukungu; rudisha.

Sukari: maganda mawili kwa nusu kilo. Pasua kwa urefu, kwangua vipunje kwa mgongo wa kisu, visugue ndani ya sukari kwa vidole mpaka visionekane vikiwa bonge, kisha zika na maganda yenyewe. Chupa ya kioo, kavu, yenye kifuniko cha kubana. Tikisa kila baada ya siku mbili. Wiki mbili zinatosha. Ukitumia, ongeza sukari nyingine juu. Sukari ya Kabuye inafaa, ila ikiwa na unyevunyevu itandaze kwenye sinia ikauke kwanza, hasa mvua za Machi hadi Mei. Una haraka? Kausha ganda kwenye oveni ya moto mdogo mpaka likatike, saga na sukari kwenye blenda, chekecha. Una ganda ulilolichemshia maziwa? Lioshe, likaushe kabisa, lizike. Bado lina kitu.

Chumvi: ganda moja kwa gramu 200 za chumvi ya mawe. Fuwele za chumvi hazinyonyi, harufu hushika juu tu. Kwa hiyo sugua vipunje kwa nguvu, tandaza kwenye sinia, tia oveni ya nyuzi 60 hadi 70 dakika 20, ipoe, funga. Tengeneza kidogo kidogo, uimalize ndani ya miezi miwili au mitatu. Nyunyiza mwishoni, usipikie: kwenye nanasi, parachichi, karameli, chokoleti, samaki wa kuchoma. Kama chumvi yako ya mawe haijatiwa madini joto, isichukue nafasi ya chumvi ya kila siku. Na mwenye shinikizo la damu ajue kwamba chumvi ikinukia vanila bado ni chumvi, kama ambavyo sukari ni sukari kwa mgonjwa wa kisukari.

Na wewe ambaye mfuko wa maganda ya kijani umeshaununua? Una njia mbili. Mpelekee mkaushaji leo, si wiki ijayo, kwa sababu yanaanza kupasuka na kuoza. Au jaribu mwenyewe: kipimajoto, maji ya nyuzi 65, dakika tatu, blanketi la sufu, sanduku la kuhifadhia joto, halafu miezi mitatu ya kuyakagua kila siku na kutupa lolote lililoota ukungu. Kama hiyo miezi huna, nunua maganda manne yaliyokaushwa. Yatakutosha kilo nzima ya sukari, na mbichi zako uziache kwa mwenye blanketi.