GARI MCHANGANI OMANI: MCHEZO USIOTAKA PUPA

Najua wengi wenu mkiona zile video za magari yanapanda milima ya mchanga, yanapotelea upande wa pili na kuibuka tena yamejaa vumbi, mnasema hao ni watoto wa matajiri wa Kiarabu wamekosa kazi. Mimi niliingia Omani mwaka 2018 kwa kazi ya ufundi viyoyozi, sina undugu na tajiri yeyote, na leo hii ndiyo starehe yangu kubwa kuliko mpira. Nimeona niwaeleze inavyokwenda, kwa sababu vijana wetu wanaokuja huku kutafuta maisha wanapewa lifti ya Ijumaa moja tu, wanapenda, halafu wiki ya pili wanakodi gari la 4x4 na kuingia jangwani wenyewe bila kujua lolote. Na mchezo huu unaua, tuelewane hapo mapema.

Mimi nilibahatika kupata mwalimu. Kama mnavyojua, Maskati Kiswahili unakisikia sokoni, hospitalini, kila mahali, maana wako wengi ambao wazazi wao waliishi Unguja, Pemba na Mombasa, na wengine walizaliwa huko wakarudi Omani baada ya Mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya 1970 Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita. Mmoja wao ni mzee jirani yangu, mzaliwa wa Unguja, sisi vijana tunamwita Ami. Ana Nissan Patrol ya zamani ambayo ukiiona huwezi kuipa hata elfu tano, lakini mchangani inapita mashangingi mapya kama yamesimama. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, mchanga haupigani na gari, mchanga unapigana na pupa yako." Basi tukaondoka alfajiri, Ijumaa, kwenda Sharqiya.

Sharqiya Sands (zamani waliiita Wahiba) ni jangwa la kilomita za mraba kama 12,500, kutoka kaskazini mpaka kusini kama kilomita 180. Kutoka Maskati ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa lami mpaka mji wa Bidiyah, halafu lami inakwisha na mchanga unaanza pale pale, hakuna cha kukuaga. Vilima vyake vikubwa vimejipanga kama matuta ya shamba, kaskazini kwenda kusini, na katikati yake kuna mabonde marefu yaliyonyooka. Matuta hayo yalijengwa na pepo za kusini miaka mingi sana iliyopita, yaani ndugu yake huyu huyu kusi anayejulikana na mabaharia wote wa Unguja na Lamu. Kwa hiyo ukifuata bonde unaweza kutembea kilomita nyingi bila shida, lakini ukitaka kukata kutoka bonde moja kwenda jingine, hapo ndipo utajua hujui.

Sasa tuje kwenye upepo wa tairi, maana hii ndiyo nusu ya elimu yote. Tairi ya kawaida kwenye lami unaiweka kama psi 35. Ukiingia nayo hivyo mchangani inakata kama kisu kwenye mkate, gari linazama. Kabla ya kuingia tunashuka, tunatoa upepo mpaka 15 au 18. Tairi inalegea, sehemu inayogusa chini inakuwa ndefu, uzito wa gari unatawanyika, na badala ya kuchimba unaelea juu ya mchanga. Ni akili ile ile ya ngamia, angalieni mguu wake ulivyo mpana na laini. Siku namweleza mama kwenye simu kwamba tulisimama njiani kutoa upepo kwenye matairi yote manne akasema, "Mungu wangu, mmepata pancha nne?" Teh teh teh. Nikamwambia hapana mama, tumetoa kwa makusudi. Kimya. Halafu akauliza kama kile kiwanja nimeshalipia.

Ila upepo ukiwa chini una masharti yake. Tairi imeshikwa na rimu kwa nguvu ya upepo huo huo, kwa hiyo ukikata kona kali na mwendo mkubwa inachomoka kwenye rimu, na gari linaweza kubiringika. Ukishuka chini ya 12 unafanya hivyo kwa dharura tu na unatembea kama unabeba mayai. Na ukitoka jangwani lazima ujaze tena kabla ya kukamata lami, kwa sababu tairi legevu kwenye mwendo wa 100 inapata moto mpaka inapasuka. Kila mtu makini ana pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ya gari na geji yake mwenyewe. Msiamini macho, tairi ya 15 na ya 20 kwa macho zinafanana kabisa.

Kuhusu kuendesha kwenyewe. Kilima cha mchanga kina pande mbili: upande unaopigwa na upepo una mteremko wa polepole na mchanga wake umeshindiliwa, upande wa pili ni mkali, digrii 30 na kitu, mchanga wake umemwagika tu na ni laini kama unga wa sembe. Unapanda kwa upande wa upepo. Unaanza na mwendo tangu chini, kwa sababu katikati ya mlima huwezi tena kuongeza, ukikanyaga mafuta pale tairi zinazunguka na kuchimba. Ukikaribia kilele unaachia mguu ili ufike juu karibu umesimama, uone upande wa pili kuna nini. Wale wanaoruka kilele kwa mbwembwe kwa ajili ya kamera ndio wanaotua juu ya gari la mwenzao aliyekwama chini. Ndiyo maana magari mengi huku yana mti mrefu wenye bendera, ili bendera ionekane kabla gari halijaonekana.

Kushuka ndiko kunatisha wageni, na kumbe ndiko rahisi ukifuata sheria moja: pua ya gari iangalie chini moja kwa moja. Gia nzito, mguu mbali na breki. Ukikanyaga breki mchanga unajaa mbele ya tairi, mkia unakuja pembeni, na gari likishakaa ubavu kwenye mteremko ule linabiringika. Mkia ukianza kuja, unageuza usukani kuelekea chini na kugusa mafuta kidogo. Kila kitu mwilini mwako kitakwambia fanya kinyume. Nilimwona dada mmoja wa Mombasa, nesi, alishuka mara ya kwanza vizuri kuliko wanaume wote siku ile kwa sababu tu alisikiliza alichoambiwa.

Saa nayo ina maana. Asubuhi mchanga una ubaridi na unyevu kidogo, umeshikana. Mchana umekauka na umelegea, tena jua likiwa utosini hakuna kivuli, kilima na shimo vyote vinaonekana rangi moja. Sisi saa tano tunakuwa tumeshatafuta mti wa kupikia chai. Na kuanzia Juni mpaka Agosti hatuingii kabisa, joto linapita 45, gari likizima huna muda mrefu. Kila mtu anabeba maji mengi kuliko anayodhani anahitaji, na gari likifa unakaa nalo, huliachi kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Gari linaonekana kutoka mbali, mtu haonekani. Na kamwe gari moja haliingii peke yake. Mbili ndio mwanzo wa hesabu.

Kukwama utakwama tu, hata Ami anakwama. Ukihisi gari limegoma, achia mafuta papo hapo. Kila mzunguko wa tairi baada ya hapo unazidi kukuzika mpaka gari linalalia tumbo. Shuka, chukua beleshi, ondoa mchanga mbele ya matairi na chini ya tumbo, punguza upepo kidogo zaidi, halafu jaribu kurudi nyuma kwa njia uliyokuja nayo, maana hiyo tairi zako zimeshaishindilia. Mara nyingi inatosha. Isipotosha ndipo unavutwa.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Msimu uliopita tulikuta vijana wawili, mmoja Mbongo mwenzangu na mwingine wa Uganda, wamekwama kwenye shimo tangu asubuhi. Walikuwa wamefurahi kutuona, tayari wameshafunga mkanda wa kuvutia kwenye ile golori ya chuma ya nyuma inayotumika kuvutia trela, wanamsubiri mwenye gari lolote. Jamaa mmoja wa msafara wetu akarudisha gari ili awavute. Ami akapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia, akasimama katikati ya magari mawili na kugoma kutoka. Vijana wakadhani mzee ana kiburi. Mmoja akamwambia, "Mzee, tunaomba msaada, siyo hotuba." Ami akamjibu kwa upole, "Mwanangu, nimekusaidia tayari, hujajua tu."

Akawaeleza. Ule mkanda wa kuvutia unanyumbuka kama mpira wa manati, ndiyo kazi yake. Golori ya trela imetengenezwa kuvuta mzigo unaoviringika, siyo kuhimili gari la tani mbili na nusu lililonaswa na mtikisiko wa ghafla. Ikikatika, kile kipande cha chuma kinaruka na mkanda na kupita kwenye kioo cha gari kama risasi. Watu wamekufa hivyo, nchi mbalimbali, tena waliokufa wengine walikuwa watazamaji. Unafunga kwenye ndoano au tundu lililounganishwa na chesisi, kwa shekeli imara, unatupia blanketi zito au koti juu ya mkanda ili ukikatika lizuie, na watu wote wanasogea mbali kuliko urefu wa mkanda wenyewe. Tulichimba kwa nusu saa, tukafunga upya kwenye chesisi, wakatoka kwa mvuto mmoja mwepesi. Yule aliyesema neno alikuja kumshika Ami mkono, akamwita baba.

Mbali na mchanga kuna wadi, yaani mito mikavu ya milimani, kama Wadi Bani Awf, njia ya mawe na makorongo ambayo ukiangalia dirishani unaanza kusoma dua zote unazozijua. Hapo mwendo ni wa kutambaa. Hatari ya wadi ni maji. Mvua inanyesha milimani usikoona, wewe uko chini na jua linawaka, mara ukuta wa maji ya tope huo. Maji ya kwenda mbio yenye kina cha sentimita 60 yanabeba magari mengi, hata makubwa, kwa sababu gari linaelea kwanza halafu linasukumwa. Aprili 2024 mafuriko ya aina hiyo yalichukua gari lililobeba wanafunzi huko Samad al Shan, wakafa watoto kadhaa, nchi nzima ikalia. Kuvuka wadi yenye maji ni kosa la jinai hapa, kuna faini na kifungo, na kwa sisi tunaoishi kwa viza ya kazi fikirieni wenyewe kesi hiyo inaishia wapi.

Pesa? Mimi na jamaa wawili tulichanga tukanunua Pajero lililotumika, mafuta tunagawana, kwenda ni mara mbili kwa mwezi wakati wa baridi. Ulizeni bima kabla, nyingi hazilipi ukiumia nje ya barabara mpaka iandikwe. Wapo wanaosema mtu wa kubeba boksi hana haki ya starehe mpaka amalize nyumba kijijini. Mimi natuma nyumbani kila mwezi bila kukosa, lakini kabla ya mchanga nilikuwa najua kazini, chumbani na duka la kutuma pesa tu. Miaka miwili sikuwa na rafiki Mwomani hata mmoja. Sasa nina watu wa kunitafuta nisipoonekana Ijumaa.

Mwisho, kwa wale wa Arusha watakaouliza kama ujuzi huu unafaa lile tope jeusi la mbugani: kidogo tu. Tope lile linajaa kwenye meno ya tairi mpaka linakuwa kama tairi laini la zamani, na kupunguza upepo hakusaidii kama mchangani. Kule mnahitaji tairi zenye meno makubwa, minyororo, na subira ya kungoja likauke. Ila la golori ya trela ni lile lile, Omani au Ngorongoro. Kabla hamjafunga mkanda, inama uangalie umefungwa wapi.