TDAH: mama anasahabu kila kitu nyumbani, na si kila mara ni uvivu

Ni saa kumi na mbili ya asubuhi. Mama ameteleka maji ya chai juu ya mbabula. Anakumbuka kwamba nguo ya masomo ya mutoto ingali kwenye kamba, anatoka kuichukua. Inje anakuta bidoni ni tupu, anaibeba kwenda kwenye robine. Pale simu inalia: mwenzake wa likelemba anaomba muchango wa juma lililopita. Anaporudi, maji yamekauka, sufuria imeungua, nguo ingali kwenye kamba na mutoto amekwisha kuchelewa. Bwana yake anauliza: « Lakini wewe uko na shida gani? » Hana jibu.

Asubuhi ya namna hiyo inaweza kumupata kila mutu. Lakini kuko wanawake ambao kwao ni hivyo karibu kila siku, tangu walipokuwa watoto, na kila fasi: jikoni, sokoni, kwenye kazi, kanisani. Kwa sehemu yao, shida hiyo iko na jina: TDAH. Herufi hizo za Kifaransa zinamaanisha shida ya umakini, pamoja ao bila kuhangaika kwa mwili. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) limeiandika katika orodha yake ya magonjwa yenye ilianza kutumika Januari 2022. Uchunguzi wenye ulifanywa katika inchi mbalimbali unaonyesha kwamba inapata karibu watu wakubwa 2 ao 3 juu ya 100. Inapita sana katika familia, kutoka kwa muzazi mupaka kwa mutoto.

Musichana mwenye utulivu

Kwa miaka mingi, wanganga walifikiri kwamba hiyo ni shida ya vijana wanaume. Katika mwaka wa 1902, munganga Muingereza George Still alieleza huko London juu ya watoto wenye hawangeweza kujizuia wala kutulia. Katika mwaka wa 1968, kitabu cha wanganga wa akili wa Marekani kiliita hali hiyo shida ya utoto, na alama yake kubwa ilikuwa kuhangaika. Ni katika mwaka wa 1980 tu ndipo kitabu hicho kilikubali kwamba mutu anaweza kukosa umakini bila kurukaruka.

Sasa, wasichana wengi wenye TDAH hawarukiruki. Musichana anakaa kwenye kiti chake, anaangalia mwalimu, lakini akili imekwenda mbali. Hasumbue mutu, basi hakuna mwenye kumupeleka kwa munganga. Kwenye buletini wanaandika: « anaweza kufanya vizuri zaidi ». Nyumbani wanasema ni muzembe. Anajifunza kuficha: anaandika kila kitu kwenye mukono, anaamuka usiku kumaliza kazi, anacheka wakati wanamucheka.

Kisha anaolewa. Hapo kila kitu kinakuwa juu yake: chakula, maji, nguo, feza ya masomo, dawa za watoto, wageni, matanga, sherehe. Kazi ya nyumba inaomba sana vitu vyenye TDAH inapunguza: kukumbuka, kupanga, kuanza, kumaliza, kupima wakati. Mbinu zenye zilimusaidia akiwa musichana hazitoshe tena.

Namna inaonekana nyumbani

Wakati ni jambo la kwanza. Kwa mwenye TDAH kuko « sasa » na « hapana sasa ». Anaamini kwamba dakika kumi zinatosha kuoga, kupika na kufika sokoni. Anachelewa, anaomba musamaha, na kesho anachelewa tena.

Halafu vitu. Ufunguo, simu, karatasi ya mutoto ya chanjo: anavitafuta kila siku. Nyumba iko na kazi kumi zenye zilianzwa: sombe imetwangwa nusu, nguo zimelowekwa tangu juzi. Lakini kazi yenye anapenda, kama vile kushona ao kusuka nywele, anaweza kuifanya saa sita bila kula.

Feza inatoka mbio. Anaona kitenge, ananunua, kisha anakumbuka minervale. Katika mazungumzo anakata mutu maneno, ao anaitika « ndiyo » na hakusikia. Hasira inapanda haraka, machozi pia. Wanawake wengi wanasema dalili zinazidi siku chache mbele ya siku zao za mwezi.

Galama kubwa zaidi ni haya. Mama mwenye ameitwa muvivu tangu utoto anaishia kuamini. Wenye kuwa na TDAH wanapatwa zaidi na huzuni kubwa na wasiwasi kuliko wengine, na mara nyingi munganga anatunza huzuni bila kuona chenye kiko nyuma yake.

Si kila kusahabu ni TDAH

Katika mashariki mwa Congo kuna sababu ya kuwa makini. Mutu mwenye alikimbia vita, mwenye alipoteza wake ao mwenye kulala kwa woga, naye anasahabu na hawezi kutuliza akili. Kukosa usingizi, kupungukiwa damu, ugonjwa wa tiroide, mimba ao kuzaa juzi vinaweza kuleta alama zilezile.

Tofauti kubwa ni mwanzo. TDAH haianze kwenye umri wa miaka 30. Kitabu cha Marekani cha mwaka wa 2013 kinaomba alama zionekane mbele ya miaka 12, na katika zaidi ya fasi moja. Hakuna kipimo cha damu. Kuko maulizo 18 yenye yalitengenezwa pamoja na OMS kwa ajili ya watu wakubwa. Yanaonyesha kama inafaa kuendelea kuchunguza, hayahakikishe ugonjwa.

Dawa yenye inajulikana zaidi, metilfenidati, ilitengenezwa katika mwaka wa 1944. Inasaidia watu wengi, lakini inaomba karatasi ya munganga na ufuatiliaji. Kuinunua kwa kujificha ni hatari. Katika mwaka wa 2019 na 2021, wataalamu wa OMS walikataa kuiweka kati ya dawa za lazima, na hilo halisaidie inchi zenye uwezo kidogo kuipata.

Hata bila dawa, kuko vitu vya kufanya. Ufunguo unapata musumari wake karibu na mulango. Simu inawekwa kengele wakati sufuria inapanda juu ya moto, na mama anabeba simu hiyo kila fasi anaenda. Feza ya masomo inatoka siku ileile inaingia. Kazi nzito inafanywa pamoja na jirani ao ndugu: wawili wakichambua maharagi, mwenye kusahabu anamaliza. Na bwana ao mama mukwe wanaweza kukumbusha bila kutukana.

Mwenye kutaka kuelewa zaidi anaweza kuanzia kwenye kituo cha afya, ao kwenye nyumba za matunzo ya akili kama vile Tulizo Letu huko Goma, SOSAME huko Bukavu na Joseph Guislain huko Lubumbashi. Munganga atauliza sana juu ya utoto. Ni vizuri kubeba buletini za zamani kama zingaliko, na kwenda pamoja na mama ao dada mukubwa, mwenye kukumbuka namna ule mutoto alikuwa.