Fahamu: Maji yanayoingia Bwawa la Mindu

Ni nini?
Ni ujazo wa maji unaofika bwawani kwa muda fulani, kwa kawaida mita za ujazo kwa sekunde. Usichanganye na kina cha bwawa.

Yanatoka wapi?
Mindu, chanzo kikuu cha maji cha Manispaa ya Morogoro, hulishwa na Mto Ngerengere na vijito vingine. Ngerengere huanzia Milima ya Uluguru, ambako misitu hunasa mvua na ukungu, kisha huachia maji polepole hata kiangazi.

Kwa nini yanajadiliwa?
Mteremko ukifyekwa, mvua hushuka kwa kasi na tope. Mto huonekana umefurika, kumbe tope linatuama bwawani na kula nafasi ya maji. Jambo hili linagusa pia walio mbali: chini ya Mindu, Ngerengere huingia Ruvu, mto unaotegemewa na Dar es Salaam.