Stoo ya Viazi Iliyogeuka Chumba cha Mvinyo

Ukisikia mtu ana chumba cha mvinyo chini ya nyumba yake, bila shaka utadhani ni lodi fulani wa Uingereza. Mimi si lodi. Ni mkulima wa chai hapa Limuru, na chumba changu kilikuwa stoo ya viazi.

Mambo yalianza mwaka 2008, alipozaliwa kifungua mimba wetu, binti. Rafiki yangu mmoja alituletea zawadi ya chupa 12 za mvinyo mwekundu kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini, akaniagiza nizitunze hadi harusi ya mtoto. Sita nilizisimamisha juu ya kabati la jikoni, karibu na jiko, ili wageni wazione. Sita zilizokosa nafasi nikazilaza katika katoni chini ya kitanda.

Krismasi ya mwaka 2014 nilishindwa kuvumilia. Nikafungua chupa ya jikoni mbele ya wakwe zangu. Baba mkwe akaonja, akakunja uso, asiseme neno. Mke wangu ndiye aliyesema: "Baba Watoto, hii ni siki ya kachumbari." Nikafungua ya pili, yaleyale. Kwa haya nyingi nikaingia chumbani, nikatoa moja ya chini ya kitanda. Loo! Hiyo ilikuwa nzuri ajabu.

Jirani yangu mmoja mzee, aliyefanya kazi ya baa hotelini kwa miaka mingi, ndiye aliyenifumbua macho. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kukisukuma kizibo. Ukipoa hunywea na kuvuta hewa ndani. Hewa ikishaingia, vijidudu vya siki vimepata riziki. Chupa ikisimama muda mrefu, kizibo hukauka. Ikilala, mvinyo hukilowesha. (Zile zenye kifuniko cha kuzungusha hazina shida hiyo.) Mwanga wa jua nao ni adui. Wajuzi hupenda joto la nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, lakini kinachoua zaidi ni joto la kupanda na kushuka.

Wazee wetu hawakuwa na taabu hii. Muratina, pombe ya asali na tunda la mti wa muratina, hunywewa mara ikiiva. Nani angeiwekea chumba?

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na stoo ya viazi imeingia ardhini upande wa nyuma. Nilitundika kipimajoto humo mwaka mzima, nikiandika daftarini. Februari kilionyesha nyuzi 17, Julai 15. Si 12, lakini tofauti ilikuwa ndogo, na hakuna umeme wa kulipia. Viazi vikahamishwa, mama watoto akinung'unika. Seremala akatengeneza rafu za mbao za saiprasi zilizoinama kidogo, na dirisha dogo tukaliziba kwa ubao, tukiacha tundu la hewa.

Hapo nilifanya kosa la kijinga. Sikungoja mvua. Masika ya mwaka 2016 maji yalipenya ukutani, na nilipofungua mlango nilikuta lebo zikielea sakafuni kama majani. Unyevu kidogo unafaa, kwani huzuia vizibo kukauka, lakini huo ulikuwa mto! Fundi mwashi alichimba mfereji upande wa juu wa nyumba akaujaza kokoto, kazi iliyopaswa kutangulia rafu. Tangu hapo kila chupa naitia alama shingoni kwa rangi ya kucha ya mke wangu.

Jambo moja lilinihuzunisha. Mzee yule aliniambia kuwa mvinyo mwingi wa madukani hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na hakuna chumba kinachoweza kuuzuia usizeeke. Kungoja harusi kungekuwa kamari. Basi mwishoni mwa mwaka 2025, binti alipomaliza Kidato cha Nne, nilitoa chupa mbili kati ya tano zilizosalia. Moja ilikuwa imechoka, haina ladha. Ya pili ilimfanya baba mkwe aombe glasi nyingine, naye hajawahi kuniomba kitu. Binti mwenyewe alikunywa soda.

Zimebaki tatu. Binti anasema hana habari na harusi kabla ya chuo kikuu, na kila tukivuna viazi mama yake huniuliza viwekwe wapi.