DAWA ZA BIBI ZETU: ZIPI TUENDELEE NAZO, ZIPI TUZIACHE



Karibu kila mmoja wetu alilelewa kwa dawa za nyumbani. Mtoto akikohoa, bibi alimchemshia maji ya kunywa. Akiharisha, alipikiwa uji mwepesi. Watu walipokimbia waliacha mashamba na mifugo, lakini ujuzi huo walikuja nao hadi kambini.

Wahudumu wa afya hawawaambii muutupe wote. Baadhi ya dawa hizo zinaokoa maisha, nyingine zinaua. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni hii: dawa inayompa mtoto kinywaji, chakula au usafi, iendelee. Dawa inayokata, inayochanja, inayoingizwa kwa nguvu mwilini, au inayowachelewesha kufika kituo cha afya, iachwe.

KUHARISHA

Mtoto anayeharisha anauawa na kukaukiwa maji mwilini. Kwa hiyo bibi aliyempa maji ya mchele yenye chumvi kidogo alifanya vizuri. Aliyemnyima kinywaji ili tumbo "lifunge" alimwongezea hatari.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India. Maji ya dripu yalipopungua, Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa sukari na chumvi. Ndugu za wagonjwa ndio waliowanywesha, kikombe kwa kikombe. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Baadaye walikufa chini ya 4. Dawa hiyo ndiyo ORS mnayopewa leo katika pakiti.

Changanya pakiti ya lita 1 katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Yakipita saa 24, yamwage na utengeneze mengine. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe tena polepole kwa kijiko.

Kama pakiti haipo, weka katika lita 1 ya maji safi vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, bila kulundika. Usizidishe chumvi, ni hatari. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kituoni atapewa pia vidonge vya zinki. Avimalize hata kama kuharisha kumekoma.

KIKOHOZI

Chai ya uvuguvugu yenye asali na limau hutuliza koo. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu kwenye utumbo wake mchanga.

Wengine hukata kimeo (kilimi) ili kikohozi kiishe. Kimeo hakileti kikohozi. Kukikata huleta damu nyingi na maambukizi. Badala yake, angalia kifua. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Zikifika 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huenda ni nimonia. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Kama mbavu za chini zinabonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke mara moja.

"MENO YA PLASTIKI"

Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, baadhi ya watu humfunua mdomo, wakaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, wakasema ni meno ya plastiki. Huyachimbua kwa kisu au kwa spoki ya baiskeli. Uvimbe huo ni meno yake halali ambayo hayajatoka. Akichimbuliwa anaweza kuvuja damu hadi kufa, au kupata pepopunda au virusi vya UKIMWI kwa chombo kilichotumika kwa wengine. Hata akipona, huenda meno ya ukubwani yasiote vizuri. Na ugonjwa ulioleta homa na kuharisha unabaki bila kutibiwa.

DEGEDEGE

Mtoto anayekakamaa na kutetemeka mara nyingi ana homa kali, na hapa kwetu malaria ni sababu kubwa. Moshi na kupakwa mkojo havimtibu. Wapo wanaosema mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Huenda maneno hayo yalitokana na watoto waliofikishwa wakiwa wamechelewa mno. Walichomwa sindano, wakafa, na sindano ikalaumiwa. Kilichowaua ni ugonjwa na kuchelewa.

Mlaze ubavu, mlegezee nguo, usimtie kijiko wala dawa mdomoni. Kisha mkimbize kituoni, hata kama ni usiku.

KITOVU NA TUMBO

Majivu, udongo au kinyesi cha ng'ombe kwenye kitovu huleta pepopunda. Kitovu kiachwe kikiwa safi na kikavu, isipokuwa kwa dawa aliyokupa mhudumu. Pia msimwingizie mtoto dawa za miti kwa njia ya haja kubwa. Zinaweza kumwongezea kuharisha na kuumiza utumbo.

USISUBIRI KESHO

Mpeleke mtoto mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi:
- hawezi kunyonya wala kunywa
- anatapika kila kitu
- amepatwa na degedege
- amelegea au haamki
- anaharisha damu
- macho yameingia ndani

Kama umeshampa dawa ya miti, mwambie mhudumu ni dawa gani na kiasi gani. Wengine huficha kwa kuogopa kukemewa. Mhudumu anahitaji kujua ili asimpe dawa itakayogongana na hiyo.

Akina bibi, ninyi ndio mnaosikilizwa kwanza nyumbani. Mkisema "mpeni maji, kisha twende kituoni", mama kijana atawatii.