Mzee Avunjikapo Nyonga: Ganzi au Usingizi?

Habari ya namna hii humfikia askari akiwa lindoni, mbali na kwao. Mama mzazi ameteleza uani usiku, akaanguka, na sasa hawezi kuinuka. Mguu mmoja waonekana mfupi kuliko mwenziwe, na wayo umegeukia nje. Hospitalini, picha imeonyesha kwamba mfupa wa paja umevunjika penye nyonga, naye daktari amesema hapana budi apasuliwe. Hapo ndipo jamaa wanapogawanyika. Mmoja asema mama ni mkongwe mno, akitiwa dawa ya usingizi hataamka tena. Mwingine amesikia kwamba sindano ya mgongoni hulemaza. Wote wanamngoja mwana aliye kambini atoe neno, na huku siku zapita.

Yafaa kila nyumba iyajue mambo haya kabla msiba haujabisha hodi.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni usingizi kamili: dawa hupitishwa katika mshipa au huvutwa kwa pumzi, mgonjwa hupotewa na fahamu, na mara nyingi mpira huingizwa kooni ili asaidiwe kupumua. Ya pili ni ganzi ya mgongoni. Mtaalamu huchoma sindano nyembamba kati ya pingili za chini, mahali palipo chini ya mwisho wa uti wa neva, na kwa sababu hiyo ni nadra sana sindano hiyo kulemaza. Dawa huondoa hisia kutoka kiunoni hadi miguuni kwa saa chache tu. Mgonjwa hupumua mwenyewe, na aweza kuongezewa dawa kidogo ya kumtuliza.

Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba ganzi ndiyo salama zaidi kwa wazee. Imani hiyo ilitiwa mizanini katika hospitali 46 za Marekani na Kanada, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Wagonjwa 1,600 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliovunjika nyonga, waligawanywa kama kwa kura, hawa kwa ganzi na hawa kwa usingizi. Baada ya siku 60, waliofariki upande wa ganzi walikuwa 3.9 kwa mia, na upande wa usingizi 4.1 kwa mia. Walipojumlishwa waliofariki na wale walioshindwa kutembea mita 3 bila kushikwa na mtu, walikuwa 18.5 kwa mia upande wa ganzi na 18.0 upande wa usingizi. Hata kuchanganyikiwa akili baada ya upasuaji kulilingana, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano pande zote mbili. Uchunguzi mwingine wa wagonjwa 950 nchini China nao haukuona tofauti ya maana katika kuchanganyikiwa huko.

Basi uchaguzi huo na aachiwe mtaalamu wa dawa za usingizi, akimtazama mgonjwa aliye mbele yake. Anayemeza dawa za kuzuia damu isigande huenda asifae kwa ganzi. Mwenye mapafu mabovu huenda ganzi ikamfaa zaidi.

Hatari kubwa ya mzee aliyevunjika nyonga ni kulala chali siku nyingi. Mapafu huingia homa, damu huganda miguuni, ngozi huota vidonda, na nguvu humwishia. Ndiyo sababu mwongozo wa kitaifa wa Uingereza, tangu mwaka 2011, wataka mgonjwa apasuliwe siku ile anapolazwa au siku ifuatayo, na ainuliwe kitandani kesho yake. Kweli, uchunguzi wa wagonjwa 2,970 katika nchi 17, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kuharakisha upasuaji kwa saa chache tu hakukupunguza vifo kwa kiasi cha kutegemewa. Lakini waliowahishwa walichanganyikiwa kwa uchache na walisimama mapema. Kukawia kwa siku na majuma ni jambo jingine kabisa.

Jamaa basi wana kazi yao. Mzee akianguka asilazimishwe kutembea. Abebwe juu ya kitu kilichonyooka hadi hospitali, wala asipitishwe kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa. Mtaalamu aambiwe kweli yote: dawa anazotumia, miti shamba aliyokunywa, saa aliyokula mara ya mwisho, na meno yanayocheza. Baada ya upasuaji, mtu anayemfahamu akae kando yake, amvike miwani yake, amwambie ni siku gani na yuko wapi. Apewe maharage, mayai, samaki na maziwa kadiri daktari aruhusuvyo. Naye akiambiwa asimame, asaidiwe kusimama, asionewe huruma ya kumrudisha kitandani.

Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwana aliye kambini akipigiwa simu, asiulize kwanza ni ganzi au usingizi. Na aulize: "Mama atapasuliwa lini, na nani atakuwa naye kesho yake akiinuka?"