Joto la Ibadakuli mbele ya mtahini

Uwanja wa ndege wa Ibadakuli, Shinyanga, uko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, kiangazi kikiwa kimekolea, kipimajoto kinafika nyuzi 30. Kijana wa Kanda ya Ziwa anayejiandaa kwa mtihani wa mdomo wa leseni ya rubani binafsi aanze na namba hizo mbili.

Kwa mwinuko huo, hewa ya kawaida ya vitabuni ingekuwa na nyuzi 7 au 8. Joto limezidi kwa nyuzi 22 na ushei, na kila nyuzi inayozidi huongeza takriban futi 120. Ukijumlisha, ikiwa mgandamizo wa hewa ni wa kawaida, ndege imesimama Ibadakuli lakini itaruka kana kwamba iko futi 6,500. Injini inapata hewa haba, propela inavuta kwa unyonge, na mabawa yanadai mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuibeba ndege. Njia ya kurukia iliyotosha alfajiri inaweza isitoshe mchana.

Hapo ndipo mtahini anapouliza: abiria watatu, mizigo yao, matangi yamejaa, utaondoka saa ngapi? Cessna 172 yenye watu wazima wanne na mafuta tele mara nyingi huwa imeshavuka uzito unaoruhusiwa kabla hata hujataja joto. Anayetaja kanuni ya hesabu na kunyamaza hajajibu. Aliyejibu ni yule anayesema atapunguza mafuta au ataacha abiria mmoja, ataondoka mapema asubuhi, kisha anafungua kitabu cha ndege na kuonyesha jedwali lililompa uamuzi huo. Ndiyo maana sipendi vijitabu vya maswali na majibu ambavyo wanafunzi hupeana na kukariri usiku kucha. Vinamfundisha mtu kujibu, havimfundishi kuamua.

Kufika mbele ya mtahini si kazi ndogo. Viwango vya Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa vinataka mwombaji awe na umri wa miaka 17 au zaidi, cheti cha afya na saa 40 za kuruka, 10 kati yake akiwa peke yake. Ipo pia safari ya peke yake ya kilomita 270, yenye kutua viwanja viwili tofauti. Hapa nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Hali ya hewa nayo isomwe kwa macho ya wenyeji. Juu ya Ziwa Victoria mvua za radi huchachamaa usiku wa manane hadi asubuhi. Nchi kavu huzipata zaidi mchana na jioni. Kwa hiyo asubuhi tulivu ya Shinyanga haimwambii rubani lolote kuhusu Bukoba. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani asubuhi ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na 19 wakafariki. Mwanafunzi anayeulizwa atageuka lini awe na jibu kabla ya kupaa: wapi atageukia, na mafuta yatabaki kiasi gani. Mchana, akiruka kwa kuona ardhi, akiba isipungue dakika 30.

Mafuta yenyewe huchunguzwa kwa kikombe angavu, yakichujwa chini ya bawa. Petroli ya ndege ndogo ina rangi ya samawati, na maji, kwa kuwa ni mazito, hukaa chini yake. Swali zuri la mtahini ni hili: kikombe kikiwa cheupe chote, bila mstari wowote? Huenda yote ni maji, au mtu amejaza mafuta ya ndege za jeti. Ndege hiyo haiondoki.

Kisha linakuja la Geita. Mfanyabiashara wa dhahabu anataka apelekwe Mwanza leo hii, na pesa anayo mkononi. Hali ya hewa ni shwari, uzito uko sawa, mafuta ni safi. Jibu ni hapana: leseni ya rubani binafsi hairuhusu malipo kwa kumbeba mtu. Mtahini atasubiri aone kama mwanafunzi analisema hilo bila kusitasita.